Msumari wa inchi sita kama kifaa cha kujengea nguvu za mikono

Mtu anayetaka kuanza zoezi la kukunja misumari na vipande vya chuma kwa nguvu za mikono yake hana haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Nusu kilo ya misumari ya inchi sita, mita chache za nondo laini ya milimita 6, msumeno wa chuma, tupa na vipande viwili vya ngozi vinamtosha kwa miezi mingi ya mwanzo, na vyote hupatikana katika duka la vifaa vya ujenzi na kwa fundi viatu wa mtaani. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kuvitumia vifaa hivi kwa muda mrefu, na katika tathmini hii nitaeleza sababu zake, pamoja na mahali ambapo msumari wa dukani unapungukiwa ukilinganishwa na seti zinazotengenezwa mahsusi kwa ajili ya zoezi hili.

Zoezi lenyewe lilikulia katika majukwaa ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Alexander Zass, aliyezaliwa Vilnius mwaka 1888 na kufariki Uingereza mwaka 1962, alijulikana kwa kukunja vyuma na kukata minyororo, na alieneza mazoezi ya kushindana na kitu kisichosogea, jambo ambalo ndilo hasa linalotokea katika sekunde za kwanza mtu anapoukabili msumari. Joe Greenstein, mzaliwa wa Poland wa mwaka 1893, alihamia Marekani akafahamika kwa jina la The Mighty Atom, akaendelea kuonyesha kazi hiyo hadi uzeeni kabla ya kufariki mwaka 1977. Maonyesho hayo yalipata sura ya mazoezi yenye vipimo pale kampuni ya IronMind, iliyoanzishwa na Randall Strossen huko California mwaka 1988, ilipoanza kuuza vipande vya chuma vilivyopangwa kwa ugumu na kutambulishwa kwa rangi. Kipande chekundu, Red Nail, kina urefu wa inchi 7 na unene wa inchi 5/16, yaani milimita 178 kwa karibu milimita 8, na anayetaka jina lake liingizwe katika orodha ya kampuni hukikunja ndani ya dakika moja hadi ncha zake zibaki zimeachana kwa inchi 2 au chini ya hapo. Nimekitaja mapema kwa sababu ndicho kipimo ambacho wakunjaji wengi duniani hukitazama, na msomaji anahitaji kujua msumari wa dukani unasimama umbali gani kutoka hapo.

Msumari wa inchi sita wa kwetu kwa kawaida una urefu wa milimita 150 na unene wa karibu milimita 6. Mmoja una uzito wa gramu 33 hivi, kwa hiyo kilo moja hutoa misumari ipatayo 30. Ukiushika na kuutazama kwa karibu utaona kichwa chenye miraba midogo iliyochongwa kwa msalaba, na chini ya kichwa hicho mikwaruzo kadhaa sambamba, ambayo ni alama ya meno ya mashine yaliyoubana waya wakati kichwa kikigongwa. Upande wa pili kuna ncha iliyokatwa kwa pande nne, na kingo zake ni kali kuliko zinavyoonekana. Msumari wa Kimarekani wa urefu huohuo, ambao wanaoanza huko huutumia kama mtihani wao wa kwanza, una unene wa karibu milimita 6.65. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukinzani wa chuma cha mviringo dhidi ya kukunjwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake: ukiuzidisha unene mara mbili, ukinzani huwa mara nane. Kwa hesabu hiyo msumari wa Marekani ni mgumu kuliko wetu kwa zaidi ya theluthi moja, iwapo chuma chao ni cha aina moja. Anayesoma maelezo ya wakunjaji wa huko na kujilinganisha nao inampasa akumbuke tofauti hiyo, asije akadhani amefika asikofika.

Unene si jambo pekee. Waya wa kutengenezea misumari huvutwa ukiwa baridi kupitia tundu dogo, kisha tundu dogo zaidi, na kila mvuto huukaza. Nondo laini ya mviringo, ile isiyo na mistari ambayo mafundi huitumia kutengenezea ringi za nguzo na mihimili, huviringishwa ikiwa ya moto na kuachwa ipoe, nayo hubaki laini. Ndiyo maana kipande cha nondo laini cha milimita 6 hukubali kukunjika mapema sana kuliko msumari wenye unene uleule. Kuna na suala la urefu, kwa kuwa kadiri kipande kinavyokuwa kifupi ndivyo mikono inavyokosa wenzo, kama vile spana fupi inavyomchosha fundi kuliko ndefu. Ukiviunganisha vitu hivi vitatu, yaani unene, ugumu wa chuma na urefu, unapata ngazi kamili ya mazoezi bila kununua seti yoyote.

Ngazi hiyo naipendekeza hivi. Anza na nondo laini ya milimita 6 iliyokatwa kwa sentimita 20. Kipande hicho kinadai chini ya nusu ya nguvu inayodaiwa na msumari wa inchi sita, na mtu mzima mwenye afya, mwanamume au mwanamke, akielekezwa vizuri ana nafasi nzuri ya kukimaliza. Ukishakikunja kwa urahisi, kata kinachofuata kifupi kwa sentimita moja. Kutoka sentimita 20 hadi 18 pekee ugumu hupanda kwa zaidi ya asilimia 10, kwa sababu wenzo unapungua na pia mikono inakosa mahali pa kukaa. Ukifika sentimita 15 umeufikia urefu wa msumari, na hapo ndipo msumari wenyewe unapoingia. Msumeno wa chuma katika zoezi hili hufanya kazi inayofanywa na sahani za uzito katika jimu, kwani kila sentimita unayoiondoa ni mzigo unaouongeza, na naona ajabu kwamba watu wengi wanaoanza hukurupukia msumari mzima siku ya kwanza, wakashindwa kuupinda hata kidogo, wakaliacha zoezi lote wakiamini kwamba ni la watu wa aina yake.

Kuhusu misumari ya inchi tano, ambayo baadhi ya wauzaji huipendekeza kama hatua nyepesi, sikubaliani. Mara nyingi ina unene wa karibu milimita 5.6, na ufupi wake unaifanya idai nguvu inayokaribia kabisa ile ya inchi sita, huku viganja vikibanana na kukosa pa kushika. Ya inchi nne ni myembamba kweli, lakini mikono miwili ya mtu mzima haienei juu yake. Ufupi hauna maana ya wepesi, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo ningependa kila anayeanza alielewe.

Ununuzi wenyewe una mambo yake. Misumari ya jengo haikutengenezwa ili kupima nguvu za mtu, na kiwanda hakina sababu ya kuhakikisha kwamba mmoja unafanana kabisa na mwingine kwa ugumu. Katika kilo moja nimekuta unaokunjika kwa wastani na unaokataa katakata, ilhali kwa macho haitofautiani. Duka moja pia lilinipimia inchi sita zilizochanganyika na za inchi tano, jambo ambalo halimdhuru fundi wa kenchi lakini humvurugia mtu anayefuatilia maendeleo yake. Dawa yake ni kuchagua mwenyewe mmoja mmoja badala ya kuchotewa, kuipima unene kwa kalipa ikiwa unayo, na kuchukua mzigo wa kutosha kutoka katika katoni moja ili wiki zako zifanane. Epuka iliyopakwa zinki, kwa kuwa ngozi yake hubanduka inapokunjwa na vipande vyake vidogo hurukaruka. Misumari ya zege usiiguse hata kidogo. Hiyo imekazwa kwa moto, haikunjiki, na ikizidiwa hukatika ghafla na kuruka. Onyo hilohilo linahusu boliti ngumu za magari, springi na tupa za zamani.

Kwa upande wa nondo, tafuta mabaki. Karakana za kuchomelea na maeneo ya ujenzi huwa na vipande ambavyo havina kazi tena, na kwa walio Nairobi, mafundi wa jua kali wa Kamukunji hukata chuma cha kila namna siku nzima. Mzee mmoja fundi wa nondo aliyenikatia vipande vyangu aliniambia, "Hii ya rola, mwanangu, usiinyooshe kwa nyundo, utaikaza." Alisema kweli: chuma laini kinachogongwa au kupindwa na kunyooshwa kikiwa baridi huwa kigumu mahali palipoguswa, na kipande cha namna hiyo kitakukunjikia pembeni badala ya katikati. Chagua sehemu za rola, yaani nondo inayouzwa ikiwa imeviringishwa, ambazo tayari zimenyooka vya kutosha, na ukubali kipindo kidogo. Usichukue nondo yenye mistari, kwa kuwa chuma chake kina nguvu karibu maradufu ya ile laini na mistari yake hula ngozi ya kujikingia.

Kinga ya mikono ndiyo sehemu ambayo sitaki msomaji aipuuze, kwani hata wakunjaji stadi hufunika chuma. Unahitaji vipande viwili vya ngozi laini ya ng'ombe au turubai zito, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa sentimita 10 hadi 15, unavyoviviringisha kwa kukaza, kimoja kila upande wa msumari, vikikaribia kukutana katikati. Mabaki ya ngozi ya fundi viatu yanafaa sana kwa kazi hii. Taulo halifai, kwa sababu linabonyea, na nguvu unayoitoa huishia katika kulikandamiza kabla ya kukifikia chuma, huku ncha ikijipenyeza polepole hadi kiganjani. Kabla ya kuviringisha, kata ncha ya msumari kwa msumeno au uisugue kwa tupa hadi kingo zake ziwe butu. Jua pia kwamba ngozi nene hurahisisha kazi, kwa kuwa inaongeza ukubwa wa mshiko na kuupa mkono wenzo zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama umeongezeka nguvu, tumia ngozi ileile kila mara. Kubadilisha ngozi halafu kushangilia msumari mpya ni kujidanganya.

Namna ya kushika zipo kadhaa, nami nitaieleza moja kwa kirefu, ile ya viganja kuelekea chini, kwa kuwa ndiyo inayomfaa anayeanza. Shika kipande kilichofungwa, vidole gumba vikikaribiana katikati, ngumi zote zikiwa mbele ya kidevu au juu kidogo ya kifua, na viwiko vimeinuliwa hadi karibu usawa wa mabega. Mashina ya vidole vya shahada pamoja na vidole gumba ndiyo egemeo lako, na upande wa chini wa kiganja, kwenye kidole cha mwisho, ndio unaoisukuma ncha. Vifundo vya mikono vikaze, visilegee, kisha ongeza nguvu taratibu kwa sekunde mbili tatu hadi kifua, mabega na mgongo vyote viwe vimeingia kazini. Hapo mwanzo hutasikia chochote kinachosogea, na ni kawaida. Chuma hakionyeshi dalili hadi kifikie kikomo chake, kisha kinaachia kwa mara moja na unahisi katikati pamevunjika unyoofu.

Hatua hiyo ya kwanza, ya kuuvunja unyoofu, ndiyo ngumu kuliko zote, na msumari uliopinda hata nyuzi 30 uko nusu ya njia kuelekea kushindwa. Endelea bila kupumzika hadi ufike pembe mraba. Kutoka hapo ncha mbili zinakuwa karibu mno kwa ngumi, nawe unabadilisha mshiko: unaweka miguu ya msumari katikati ya viganja, unafumbata vidole vya mkono mmoja katika vya mwingine, na kubana mbele ya kifua hadi zikutane. Hatua ya mwisho inadai kifua na uvumilivu kuliko vifundo. Ukifungua ngozi utakuta sehemu ya mpindo ina moto, wakati mwingine wa kutosha kumshtua asiyetarajia, kwa kuwa kazi uliyoifanya imegeuka joto ndani ya chuma. Kwenye nondo, ule ukoko mweusi uliotokana na kiwanda hupasuka upande wa nje wa mpindo na kudondoka kama unga, kwa hiyo fanya zoezi mbali na chakula na watoto, na vaa miwani ya kazi.

Mtindo wa viganja kuelekea juu, msumari ukiwa karibu na tumbo, unawafaa wenye vifundo imara lakini unawanyima msaada wa mabega. Mtindo wa tatu, wa kiganja kimoja juu na kingine chini, huvibebesha vifundo mzigo wa kukunjwa kuelekea upande, na simshauri mtu kuugusa kabla ya kujenga msingi.

Tatizo kubwa la zoezi hili ni kano. Misuli hupata nguvu mapema kuliko kano na viungo, na mkunjaji mpya anayefurahia maendeleo yake huwa wa kwanza kuamka na maumivu upande wa ndani wa kiwiko au chini ya kidole gumba. Siku mbili kwa wiki zinatosha, zikiwa na siku kadhaa za kupumzika kati yake, na vipande vichache kila siku: viwili vyepesi vya kupasha mwili moto, viwili au vitatu vya uzito wa kazi, na kimoja cha kujaribia, hata kama hakitakunjika. Siku nyingine funga mpira wa kawaida kuzunguka vidole na uvifungue kwa nje mara nyingi, ili misuli ya nyuma ya kigasha isiachwe nyuma na ile ya mbele. Ganzi au maumivu makali ya ghafla katika kifundo ni amri ya kuacha. Wenye shinikizo la damu wazungumze na daktari kwanza, kwa sababu kukaza mwili wote huku pumzi imezuiwa hupandisha shinikizo kwa kasi. Pumua kwa kuachia hewa kidogo kidogo unapokaza.

Ni lazima pia kusema zoezi linampa mtu nini na linamnyima nini. Kinachojengwa hasa ni vifundo vya mikono, vidole gumba, vigasha, kifua na mabega, pamoja na uwezo wa kuukaza mwili wote kwa wakati mmoja. Nguvu ya vidole kufumba, ile inayotumika kubeba ndoo mbili za maji au kuning'inia kwenye chuma, haipati haki yake hapa. Kwa hiyo anayetaka mshiko kamili aongeze gripa nzuri ya chuma (kifaa cha springi kinachofumbwa kwa kiganja), kuning'inia, na kubeba vitu vizito kwa mwendo. Gripa za plastiki zinazouzwa pamoja na kamba za kuruka hazina ugumu wa kumfaa mtu anayekunja msumari, na sizipendekezi.

Sasa, je, seti ya ng'ambo ina thamani? Ina, lakini si kwa anayeanza. Faida yake ni usahihi. Kila kipande kimekatwa kutoka katika chuma cha aina inayojulikana, kwa urefu unaojulikana, na mtu wa Tanga anaweza kujilinganisha na wa Texas bila mashaka. Kipande chekundu, kwa hesabu ya unene na urefu, kinadai karibu mara mbili ya msumari wetu wa inchi sita, iwapo chuma ni sawa. Kati ya ngazi hizo mbili kuna safari ndefu, na safari hiyo unaweza kuifanya kwa nondo laini ya milimita 8, ambayo kwa unene inakaribia kabisa kipande chekundu ilhali chuma chake ni laini zaidi. Anza nayo kwa sentimita 25, uishushe sentimita moja kwa wakati hadi 18. Kutoka milimita 6 hadi 8 ukinzani unazidi mara mbili, kwa hiyo usishangae ikiwa kipande kirefu cha milimita 8 kinakukatalia siku uliyomaliza kifupi cha milimita 6.

Gharama za usafirishaji na ushuru huufanya mfuko mdogo wa vyuma vilivyotiwa rangi kuwa ghali mno kwa kitu kinachotumika mara moja na kwisha, kwani kipande kilichokunjwa hakirudi. Misumari ya dukani hununuliwa kwa kilo, na iliyokwisha kukunjwa huchukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Ushauri wangu ni kwamba seti ya rangi iagizwe siku ambayo nondo ya milimita 8 ya sentimita 18 inakunjwa hadi mwisho bila kusimama katikati, na hata hapo ni heri wakunjaji watatu au wanne wachangie mzigo mmoja. Kabla ya hapo, fedha hiyo iende kwenye ngozi nzuri, tupa kali na nusu kilo nyingine ya inchi sita.